Ukifiwa ukiwa ughaibuni, nani anakuja kukaa nawe?

Bwana asifiwe! Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Wengine wote, hamjambo huko nyumbani, karibuni tena. Leo hakuna matembezi, sitawaonyesha treni wala maduka. Nimekaa tu hapa, nina jambo la kuzungumza nanyi, hasa ninyi wenye mtoto, kaka au dada anayeishi mbali.

Jambo lenyewe ni msiba. Ndugu yenu aliye huku akifiwa na mtu wa huko, ninyi mna msiba wenye watu, yeye ana msiba usio na watu. Huko marehemu anajulikana. Anayeingia kutoa pole analia kwa sababu alimjua, alisoma naye, alimkopesha hela hakulipwa, chochote. Huku hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia sauti yake. Majirani wa ghorofa hii hawajui kama niliwahi kuwa na baba. Kazini utapewa pole na siku chache za mapumziko, ukirudi unakuta kazi zimerundikana, na hapo ndipo msiba wako kwao umeisha.

Sasa anayebaki ni nani? Kwa wengi wetu ni usharika. Na nasema hivyo nikijua baadhi yetu huko nyumbani kanisani tulikuwa watu wa Pasaka na Krismasi. Msinitazame hivyo, mnajijua.

Baba alipofariki sikuweza kusafiri. Sababu za makaratasi, tuziache. Mtu wa kwanza kugonga mlango wangu alikuwa mzee wa kanisa, mama mmoja ambaye hatutoki nchi moja, hata lugha ya nyumbani hatuchangii. Nilitegemea atafungua Biblia. Hakufungua. Akaniuliza, "Baba yako alikuwa anaitwa nani?" Nikamwambia. "Alikuwa mtu wa namna gani?" Jamani, niliongea mpaka koo likakauka. Nilimweleza alivyokuwa mkali wa muda, alivyokuwa anaimba sauti ya nne kwaya nzima ikimkimbia. Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa kwenye maombi, likasomwa vibaya, herufi moja ikaliwa, nikajikuta nacheka na machozi yanashuka. Lakini lilisomwa. Watu mia na kitu wasiomjua baba yangu wakasema amina juu ya jina lake.

Mchungaji alikuja pia, akaomba, akaondoka, ana waumini wengi na simlaumu. Kilichonibeba ni watu wa zamu. Nitawaeleza hili polepole kwa sababu huko nyumbani halionekani: huko msiba una ukoo wa kuuendesha. Huku hakuna ukoo. Kuna orodha iliyobandikwa ukutani kwenye ukumbi wa kanisa, na majina ya watu waliokubali kujitolea. Huyu anaendesha gari, huyu anakaa na watoto, huyu anatafsiri, yule ana ufunguo. Mazishi ya baba yalirushwa kwa simu, na kwa tofauti ya saa, huku ilikuwa bado usiku. Yule mwenye ufunguo aliamka akaja kufungua ukumbi, kijana mmoja wa mitambo akaunganisha simu na skrini kubwa, wakaja watu wakakaa kwenye viti vya plastiki kutazama mazishi ya mzee wasiyemjua, kwa lugha wasiyoielewa. Picha ilikuwa inakatika. Ikikatika, mtu anaanzisha wimbo. Ikirudi, tunanyamaza.

Wanaofanya haya hawalipwi, na wala hawaitwi mbele kupigiwa makofi. Wengi wao nao ni wageni. Nadhani ndiyo maana wanaelewa.

Kuna habari moja kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 6, ambayo nilikuwa naisoma haraka haraka nilipokuwa huko. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na huduma ya kila siku kwa wajane, yaani kwa watu waliofiwa. Yakazuka manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, wale waliosema Kigiriki, wengi asili yao ughaibuni, walikuwa wanasahauliwa. Sasa angalieni walivyolitatua. Hawakutoa tamko la kuwahimiza watu wapendane. Walichagua watu saba wa kusimamia kazi hiyo, na majina yao yote saba ni ya Kigiriki: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, na huyu wa mwisho imeandikwa kabisa kwamba ni mtu wa Antiokia, mwongofu, yaani hakuzaliwa Myahudi bali aliingia dini ya Kiyahudi. Kwa maneno mengine, kazi ilikabidhiwa kwa watu wanaofanana na waliosahauliwa. Mimi nikisoma hapo, naona yule mama mzee wa kanisa wetu.

Na upande wa fedha, maana najua mtaniuliza. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago huko kaskazini mwa Afrika, aliandika mnamo mwaka 197 kwamba Wakristo wa wakati wake walikuwa na mfuko. Kila mtu alitia kidogo, mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, bila kulazimishwa, na moja ya kazi za mfuko ule ilikuwa kuzika maskini. Kwa hiyo mnaponisikia nasema kanisa letu lina mfuko wa misiba, msidhani ni mtindo wa Kizungu. Ila nina neno. Kuna vikundi vya waumini ambako mchango umegeuka kuwa rejista: nani katoa, nani hajatoa, na asiyetoa akifiwa anatazamwa tu. Hapana. Ukisoma Tertuliano hilo la "bila kulazimishwa" limo ndani, wala si pambo.

Nirudi kwa Stefano. Mnajua mwisho wake, alipigwa mawe. Sura ya 8 inasema watu wacha Mungu walimzika na kumfanyia maombolezo makuu. Kwa hiyo kanisa lile lile lililomchagua awahudumie waliofiwa, likafiwa naye. Hili la mhudumu kufa, au mhudumu kufiwa, ndilo linalonisumbua kuliko yote, na sharika nyingi hazijalifikiria.

Hapa kwetu tulimpoteza fundi mitambo. Siyo yule kijana, ni mzee aliyemfundisha. Mtu mpole, wa nyuma kabisa ya kanisa, hata sauti yake wengi hatukuijua ingawa sauti za wengine wote zilipitia mikononi mwake. Jumapili baada ya mazishi, kipaza sauti kilikoroma ibada nzima na hakuna aliyejua ni waya upi. Mchungaji akahubiri kwa kupaza sauti yake mwenyewe. Ndipo watu wakaanza kulia kweli, na waliolia zaidi ni watu wa zamu. Kwenye mazishi walikuwa wanapanga viti. Nani angewashika mkono nao mikono ina viti?

Mnamkumbuka Dorkasi, yule mwanamke wa Yafa, kwenye Matendo sura ya 9? Alipofariki, wajane walisimama wanalia, wakawa wanaonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakutoa wasifu. Walionyesha kazi. Sisi tulifanya kitu kinachokaribia hicho bila kupanga: wiki ile kijana akatoa daftari la mzee, lenye michoro ya nyaya kwa rangi, na maelezo kama "hii usiiguse mama fulani akiimba". Likazunguka mkono kwa mkono.

Kwa maoni yangu, mtu wa kujitolea ndiye anayefarijiwa mwisho kanisani. Tunamwona kila wiki, anatabasamu, ana funguo, tunasema yule ni imara. Na wapo wanaojificha humo humo kwenye kazi. Mimi nilijificha. Baada ya baba niliomba kila zamu iliyokuwepo, kwa sababu ukiwa unakunja viti hakuna anayekuuliza unaendeleaje. Sasa hapo sharika zinatofautiana. Zipo zinazompumzisha mfiwa kabisa, jina linafutwa kwenye orodha "ili apate nafasi ya kuomboleza". Nia njema, lakini kuna watu ukiwaondolea zamu umewaondolea sababu ya kutoka nyumbani. Mwulizeni! Yule mama alinifanyia vizuri: hakunitoa, ila kila zamu yangu akaniwekea mtu wa pili. Nikikunja viti, yupo. Nikiacha kukunja nikakaa, yupo vilevile.

Nguvu ya watu wasio wachungaji msiidharau. Mwaka 1935 huko Uingereza, kasisi kijana wa Kianglikana, Chad Varah, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Haikumtoka moyoni. Miaka mingi baadaye, akiwa kwenye kanisa moja katikati ya London, akaweka simu ili mtu aliyekata tamaa apige. Ilianza kazi tarehe 2 Novemba 1953, siku ambayo kwa Wakatoliki ni kumbukumbu ya marehemu wote. Watu wakawa wengi kuliko alivyoweza kuwahudumia, kwa hiyo akawa na wasaidizi wa kujitolea wa kukaa na waliokuwa wakisubiri zamu ya kumwona, kuwapa chai, kuwapa kampani. Akagundua jambo: wengi walikuwa wakimaliza kuongea na hao wasaidizi, wanaondoka zao, hawana haja tena ya kumwona yeye. Februari 1954 akawakabidhi watu hao kazi yote ya kusikiliza. Hilo ndilo shirika la Samaritans, mpaka leo. Na kanisa lile ni St Stephen Walbrook, ndiyo, Stefano huyo huyo.

Kinachonikera katika sharika zetu, za huku na za huko, ni kalenda. Wiki ya kwanza simu haipumziki. Baada ya mazishi, kimya. Mfiwa anarudi kwenye ibada, watu wanamkwepa kidogo maana hawajui waseme nini, anakaa benchi la nyuma, baada ya muda haji tena, na hakuna anayejua aliacha lini. Waprotestanti wa Ujerumani wana Jumapili yao ya kuwakumbuka marehemu, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kile kipindi cha kujiandaa na Krismasi. Mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, aliiamuru tangu mwaka 1816. Katika ibada hiyo sharika nyingi husoma majina ya waliofariki mwaka ule, na mara nyingi huwasha mshumaa kwa kila jina. Mfiwa anajua kwamba hata kama wote wamenyamaza, kuna siku jina litatajwa. Sisi tumeiga kidogo: karani wa usharika anaandika tarehe ya kifo, na mwaka ukitimia mtu wa zamu anapiga simu. Simu tu. "Nimekumbuka leo ni siku ya baba yako." Haichukui dakika kumi.

Haya, ninyi mlio huko sasa. Nina maombi na si ya hela, tulieni.

Kwanza, msitangaze msiba kwenye kundi la WhatsApp kabla hamjajua ndugu yenu wa huku yuko na nani. Nawajua watu waliosoma kifo cha mama yao wakiwa kwenye basi, peke yao, katikati ya picha za harusi na matangazo ya viwanja. Pateni leo, kabla hakujatokea lolote, jina na namba ya mtu mmoja wa usharika wake. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa jumuiya, mwanakwaya mwenzake, yeyote. Likitokea, mpigieni huyo kwanza. Aende akakae mlangoni, halafu ninyi mpige.

Halafu siku ya mazishi, aliyeshika simu ya kurusha asiwe mjukuu anayegeuza kamera kwenye mahema na magari. Mpeni mtu mzima mwenye subira, na awe anaongea kidogo: huyu anayesoma ni fulani, sasa tunaelekea kaburini, shangazi yako yuko upande huu na anakusalimu. Sisi tukiwa ukumbini huku na picha ikakatika, hiyo sauti inatosha.

Na baada ya mazishi, kama mna daftari la waliohudhuria, andikeni na majina ya waliokaa naye huku. Wale wa viti vya plastiki. Mama mdogo wangu alifanya hivyo, akaniomba orodha, akaisoma kwenye ibada ya shukrani huko nyumbani, majina ya kigeni kayatamka anavyojua yeye. Nikaicheza ile sauti ukumbini kwetu Jumapili iliyofuata. Yule mwenye ufunguo aliomba irudiwe.

Wiki ijayo nitakuwa na karani wetu, atatuonyesha jinsi wanavyopanga zamu bila watu kugombana. Kama usharika wenu una njia nzuri zaidi, nirekodieni sauti mnitumie, nitamchezea hapa hapa.