Mgonjwa wa kwenye utafiti na mgonjwa wa kliniki

Haya jamani tuendelee, walio nyuma mnanisikia? Poa. Leo nitakaa na kidonge kimoja, spironolaktoni, wagonjwa wa moyo mnawaona nacho kila siku. 1999 yalitoka matokeo ya utafiti wa RALES, wagonjwa 1,663 ambao moyo umeshindwa kufanya kazi vizuri, hali mbaya kweli, wengine wakapewa dawa wengine kidonge kitupu, na kwa waliopewa dawa vifo vikapungua kwa asilimia 30. Si mchezo hiyo! Madaktari wakaichangamkia.

Sasa angalieni nani alipokelewa. Umri kwa wastani miaka 65, karibu robo tatu wanaume. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, ikizidi 2.5 huingii, potasiamu, madini ya kwenye damu, ikizidi 5 huingii, na ukishaingia unapimwa damu kila wiki nne kwa wiki 12 za mwanzo. Halafu mfikirie babu wa miaka 80, ana kisukari, figo zimechoka, anameza enalapril, dawa ya presha na moyo, ambayo nayo inapandisha potasiamu, unamwongezea spironolaktoni unamwambia rudi baada ya miezi mitatu, na akirudi labda maabara vitendanishi vimeisha (mnacheka, mnapajua). Potasiamu ikipanda sana mapigo yanavurugika, moyo unaweza kusimama.

Kule Ontario, Kanada, watafiti, Juurlink na wenzake, walitaka kujua madaktari walivyoichangamkia spironolaktoni ikawaje, wakafukua rekodi za wagonjwa wa moyo wa miaka 66 kwenda juu wanaotumia dawa za jamii ya enalapril, wakachapisha 2004: waliolazwa sababu ya potasiamu walitoka 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 wakafika 11 mwaka 2001. Na hiyo ni Kanada, maabara zipo! RALES haikudanganya lakini, ilisema kweli kuhusu watu wake, ni sisi tuliowapa watu wengine.

Huku kwetu kuna utafiti wa FEAST, 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko wa damu dhaifu. Kuwapa maji mengi ya dripu haraka haraka, kama miongozo ilivyokuwa inashauri, kuliongeza vifo, kama asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Ila hata FEAST haikuchukua watoto wenye utapiamlo mkali, na wodini kwenu wamejaa, kwa hiyo huyo akiletwa usiku kapoa miguu na mikono unamwekea maji kiasi gani, kwa ushahidi wa nani? Eeh, dada hapo mbele, sema.