Fangasi inayomaliza popo wa Marekani

Haya ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Leo niko Mammoth Cave, Kentucky, pango refu kuliko yote duniani: zimeshapimwa zaidi ya kilomita 680 na bado wanaendelea. Tumetoka sasa hivi. Ngoja niwageuzie kamera, oneni hapa chini. Huu mkeka umelowa maji ya sabuni, na kila anayetoka lazima aukanyage, soli zote mbili.

Yote haya ni kwa ajili ya popo. Kuna fangasi ilionekana huku mara ya kwanza mwaka 2006, pango moja karibu na Albany, New York. Asili yake Ulaya, na popo wa kule wanaishi nayo bila shida kubwa. Hawa wa huku imewafyeka kwa mamilioni. Zipo aina tatu zilizopungua kwa zaidi ya asilimia 90, tena miaka 10 haikufika!

Inawauaje? Baridi ikiingia huku wadudu hakuna, basi popo anajibana pangoni analala mpaka joto lirudi. Mwili unapoa, kinga nayo inalala, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea. Sasa fangasi inapenda baridi hiyohiyo. Inamwota puani, nyeupe kabisa, inamtafuna ngozi ya mabawa, na kila mara anashtuka usingizini. Ni kama simu inayojiwasha kioo usiku kucha, asubuhi huna chaji. Ndiyo maana watu wanakuta popo anaruka mchana, theluji imejaa, anatafuta mdudu ambaye hayupo.

Najua mtu wa Tanga ataniuliza, na popo wa mapango yetu ya Amboni je? Tulia. Ikizidi nyuzi 20 hivi fangasi hii haikui, na joto la Tanga mnalijua wenyewe. Binadamu pia haimpati, mwili wetu ni wa moto mno.

Mkeka hautibu popo, tusidanganyane. Wanaambukizana wenyewe kwa wenyewe. Ila mwaka 2016 ugonjwa uliibuka jimbo la Washington, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka ulikojulikana, na mpaka leo kiatu cha binadamu ni mshukiwa. Kwa hiyo nyie mnaoishi huku Kentucky, wa Louisville na Bowling Green, mkija hapa, msivae viatu mlivyoingia navyo pango jingine.