Jassa Singh Ramgarhia na Ngome ya Udongo

Ndugu zangu, Makalasinga wengi wa Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki ni wa jamii ya Ramgarhia, wajukuu wa maseremala, wahunzi na waashi waliokuja tangu ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza mwaka 1896. Jina hilo lilitokana na ngome, na mtu aliyeitwa kwalo kwanza ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Jassa Singh alizaliwa Punjab mwaka 1723, katika familia ya maseremala, zama ambazo watawala wa Lahore, waliowakilisha wafalme wa Mughal wa Delhi, waliwawinda Makalasinga na kutoa fedha kwa kila kichwa kilicholetwa. Hata hivyo, yeye na wafuasi wake walikuwa katika utumishi wa Adina Beg, mtawala wa Jalandhar, na mwaka 1748 jeshi la watawala hao wa Lahore lilipoizingira Ram Rauni, ngome ndogo ya kuta za udongo huko Amritsar, Jassa Singh alikuwa nje ya ukuta pamoja na wazingiraji, hali ndugu zake wa imani, wapatao 500, wakiteketea ndani kwa njaa na risasi. Hapo ndipo alipovuka na watu wake akaingia ngomeni. Tumezoea kuona watu wakihama upande unaoshindwa. Yeye alihamia huko huko, na kwangu mimi hilo linazidi ushindi wake wote wa baadaye. Wazingiraji walipoondoka, mwana wa seremala alikabidhiwa ngome ile iliyobomoka, akaijenga upya, ikaitwa Ramgarh, naye akaitwa Ramgarhia.

Hakuwa mtu wa amani na wenzake. Alikosana vibaya na Jassa Singh Ahluwalia, kiongozi mwenzake wa Makalasinga, akafukuzwa ng'ambo ya mto Sutlej, akaishi miaka kadhaa kwa kuvamia nchi mpaka karibu na Delhi. Machi 1783, Makalasinga walipoingia Ngome Nyekundu ya Delhi, inasimuliwa kwamba Ahluwalia alikalishwa kwenye kiti cha enzi, Ramgarhia akapinga waziwazi, na mwenzake akashuka.

Ramgarhia alichukua bamba la jiwe ambalo, kwa mapokeo, wafalme wa Mughal walivikwa taji juu yake. Alifariki mwaka 1803, na bamba hilo lingali Amritsar, kwenye jengo lake lenye minara miwili mirefu, kando ya Hekalu la Dhahabu.