Kuigawanya 4,294,967,297 kwa Kalamu na Daftari la Miraba

Hamjambo, watazamaji wapendwa, na karibuni tena katika chumba changu cha masomo hapa Buruburu, Nairobi. Namba ya leo naipenda kuliko zote: 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kwa kuwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16 vilikuwa vimempa 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Imani hiyo ilianguka mwaka 1732, mwanahisabati Leonhard Euler alipopata kigawo chake.

Hatuanzi kujaribu 3, 7 na 11. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 64. Kwa hiyo hesabuni kwa 64, mwongeze 1 kila mara, na mziache zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, kisha 641. Nne za kwanza zinakataa. Tunaichukua 641.

Andikeni kila tarakimu katika mraba wake. Mimi hutumia madaftari haya ya miraba mikubwa, ambayo pia nayauza, kwa sababu katika karatasi tupu tarakimu huteleza. 641 inaingia katika 4294 mara 6; toa 3846, inabaki 448. Shusha 9, upate 4489. Inaingia mara 7, inabaki 2.

Simameni hapa. Shusha 6, upate 26: 641 haiingii, basi andika sifuri juu. Shusha 7, upate 267: bado haiingii, andika sifuri ya pili. Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza niliziruka sifuri hizo, nikapata 67,417, nikapoteza jioni nzima nikitafuta kosa mahali pengine. Kila tarakimu inayoshushwa huacha alama juu, hata kama alama hiyo ni sifuri.

Samahani, mwanga wa dirisha unang'aa juu ya ukurasa na sifuri zenyewe hazionekani. Nimesogeza daftari, zitazameni tena, ni mbili, baada ya 67.

Shusha 2, upate 2672: mara 4, inabaki 108. Shusha 9: mara 1, inabaki 448, baki ileile tuliyoanza nayo. Shusha 7, upate 4487, ambayo ni 641 mara 7 kamili. Hakuna baki.

Jibu ni 6,700,417, nayo ni tasa. Hakikisheni kwa kuzidisha: kwa 600 mnapata 4,020,250,200, kwa 41 mnapata 274,717,097, na mkizijumlisha, 4,294,967,297 inarudi yote. Isiporudi, hesabuni sifuri zenu.