Chupa Iliyopaa

Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari za jioni. Kilichonifikisha kwenye kuhesabu palsi, yaani mapigo ya umeme, kwa taima ni aibu.

Tulifunga winchi ndogo kwenye mtumbwi pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, Ziwa Victoria, ya kushusha chupa ya kuchotea maji ya kina. Ngoma ya kamba ina mzingo wa nusu mita, na kwenye ekseli yake kuna enkoda, kifaa kinachotoa palsi kikizungushwa: hii ni ya palsi 600 kwa mzunguko. Chupa ikashuka kwa kasi, ikapandishwa polepole. Nimeishika mkononi, inachuruzika, skrini inasema iko mita mbili juu ya ziwa. Mzee mwenye mtumbwi akachungulia: "Fundi, imepaa?"

Kosa langu. Nilikuwa nahesabu kwa intarapti: kila waya wa enkoda ukibadilika, prosesa aache kazi akahesabu. Ukihesabu kupanda na kushuka kwa nyaya zote mbili, A na B, zile 600 zinakuwa 2,400. Tukishusha mita moja kwa sekunde, ni mabadiliko 4,800 kila sekunde. Na programu yangu ilikuwa inazima intarapti kila inapochora skrini! Milisekunde tano tu, ishirini na kitu zimeshapita. Kwenye kupandisha polepole hazikupotea, ndiyo maana hesabu haikurudi sifuri.

Dawa ni taima iliyo ndani ya chipu. Watu hudhani taima ni saa. Taima ni kihesabio tu. Kinakuwa saa kwa sababu kinalishwa mapigo ya kristali. Kilishe mapigo mengine, kitahesabu hayo. Kwenye chipu ya STM32F103 unaingiza A na B kwenye chaneli 1 na 2 za taima, unachagua modi ya enkoda, basi. A ikitangulia inaongeza, B ikitangulia inapunguza, prosesa hana habari. Bodi ya Arduino Uno nayo ina taima ya kuhesabu palsi za nje, pini namba 5, ila haijui mwelekeo. Kwa winchi haifai.

Sasa mtego. Taima hiyo ya STM32 ni ya biti 16: baada ya 65,535 inarudi sifuri. Kwetu hiyo ni mita 13 na nusu hivi, na ziwa hili lina sehemu za mita 80. Kwa hiyo usiisome kama kina. Toa usomaji wa nyuma kwenye wa sasa, jibu liwe namba ya biti 16 inayokubali hasi, ulijumlishe kwenye ya biti 32. Ilikuwa 65,530, sasa 4: tofauti ni 10, ingawa imevuka sifuri. Ila usikae sekunde saba bila kusoma: kwa kasi ile tofauti itazidi nusu ya 65,536, isomeke hasi.

Enkoda hii hapa. Kijana wa mbele, zungusha nusu raundi tuone kama itaandika 1,200.