Jinsi ya Kuchambua Vina, Mizani na Hali ya Shairi Fupi

Karibuni. Shikeni kalamu, leo tunahesabu. Kwenye skrini kuna ubeti mmoja wa tarbia, yaani shairi la mishororo (mistari) minne kila ubeti, nilioutunga kwa ajili ya somo hili. Tuusome kwa sauti, polepole:

Mashua imeondoka, mama yuko ufukweni,
Magharibi imefika, kasimama mchangani,
Leso yake yafunguka, chumvi tele mashavuni,
Neno halijamtoka, macho yake baharini.

Simamisha video. Soma tena ukipiga kofi kwa kila silabi; kila kofi ni mizani. Ma-shu-a-i-me-o-ndo-ka, 8. Ma-ma-yu-ko-u-fu-kwe-ni, 8. Mshororo mzima 16, na mingine mitatu ni vivyo hivyo. Wengi hukwama kwenye "mchangani". Ina mizani 4, kwa sababu M ya mwanzo inasimama peke yake: m-cha-nga-ni. Lakini "chumvi" ni 2 tu, chu-mvi. Sikiliza mdomo wako, usihesabu herufi. Na hiyo "kasimama"? "Amesimama" ingezidisha mizani moja, nikafupisha. Ndiyo inkisari.

Sasa vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana. Pigia mstari silabi ya mwisho ya kila kipande: ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, ni -ka; utao, kipande cha pili, ni -ni. Wanafunzi wengi wakishaandika hivyo hufunga daftari. Nakuomba usifunge! Yatazame maneno yenyewe. Upande wa -ka ni vitenzi vitupu: imeondoka, imefika, yafunguka, halijamtoka. Upande wa -ni ni mahali: ufukweni, mchangani, mashavuni, baharini. Kushoto mashua inakwenda, jua linazama, leso inalegea. Kulia mama yuko palepale. Kila mshororo ukifika mwisho, kina kinamrudisha pwani.

Ukishaliona hilo, hali ya shairi umeanza kuigusa. Usiandike "huzuni" ukaishia hapo. Taja neno lililokuonyesha. Leso imefunguka, naye hajaifunga. Na chumvi ile ni ya bahari au ya machozi? Ubeti hausemi, na mimi naona uzito wote uko hapo.

Jibu lako liwe namna hii: "Hali ni ya huzuni ya kimya. Vina vya -ka vinaonyesha mambo yanayoondoka, vya -ni vinamwacha mama ufukweni, na 'neno halijamtoka' linathibitisha ukimya wake."

Haya, rudisha video mwanzo, uusome ubeti tena, safari hii ukitua kidogo kwenye kila mkato, pale kati ya ukwapi na utao.