Mzio wa Maziwa ya Ng'ombe kwa Mtoto Mchanga: Tusiyalaumu Maziwa ya Mama

Ndugu wazazi, ndugu wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Nyamagana, Ilemela, Magu na visiwani Ukerewe, nawashukuru kwa kuitikia wito. Nimeombwa nizungumzie mzio wa maziwa kwa watoto wachanga, nami nitaanza na jambo linaloniuma zaidi. Mtoto anapotapika, anapoharisha au anapotokwa na vipele, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama yake. Ataambiwa maziwa yake ni mabaya, au mtoto amebemendwa, na kwa hofu na uchovu humwachisha mtoto ziwa na kumpa maziwa ya ng'ombe, yaani kitu kile kile ambacho huenda ndicho kinachomdhuru.

Maziwa ya ng'ombe yana protini za aina nyingi, na baadhi ya watoto huwa na kinga ya mwili inayozichukulia protini hizo kama adui na kuzishambulia. Watoto hao ni wachache. Tafiti zilizofanywa kwa makini, nyingi zikiwa za Ulaya, zinaonyesha kwamba hawazidi takriban 3 kwa kila watoto 100, na miongoni mwa wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee idadi hupungua zaidi. Hali hii isichanganywe na ile ya mtu mzima anayejaa gesi tumboni baada ya kunywa maziwa, kwa sababu huyo hushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa na kinga yake haihusiki. Kwa mtoto mchanga tatizo hilo la sukari ni nadra, isipokuwa kwa muda mfupi baada ya kuharisha sana.

Mzio wa protini huja kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya haraka: ndani ya dakika chache, na kwa kawaida kabla ya saa 2 kupita, mtoto hutokwa na mabaka yaliyovimba yanayowasha, huvimba midomo au macho, hutapika, na wakati mwingine hukohoa na kupumua kwa shida. Mtoto anayepumua kwa shida au kulegea baada ya kupewa maziwa ni mgonjwa wa dharura. Anahitaji kuchomwa sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na dawa ya maji ya mzio inayouzwa dukani haiwezi kushika nafasi yake. Asisubirishwe nyumbani hata kidogo.

Namna ya pili hujitokeza polepole, baada ya saa kadhaa au hata siku 2 au 3, na ndiyo inayotupotosha. Mtoto huharisha kinyesi chenye ute na michirizi ya damu, hutapika mara kwa mara, hulia akinyonya, ngozi yake huwa na ukurutu usiokubali mafuta, au uzito wake hukwama kwenye kadi ya kliniki. Huku kwetu mtoto wa namna hii huweza kupelekwa kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Nasema kwa msisitizo: yale ni machipukizi ya meno yake halisi, na kuyang'oa kwa kisu au msumari humwachia mtoto kidonda, damu na maambukizi, huku ugonjwa uliomleta ukiendelea. Lakini vilevile si kila damu kwenye kinyesi ni mzio. Mtoto mwenye homa na kuhara damu apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe na malaria, kabla mtu yeyote hajataja neno mzio.

Uthibitisho wa namna hii ya polepole hautoki maabara, hutokana na kuondoa na kurudisha. Kama mtoto ananyonya, aendelee kunyonya. Anayebadilisha chakula ni mama, kwa sababu kiasi kidogo cha protini za maziwa ya ng'ombe anayotumia huweza kupita kwenye maziwa yake. Kwa wiki 2 hadi 4 aache chai ya maziwa, mgando, siagi, samli, na maandazi au biskuti zenye maziwa ndani yake, kisha dalili ziangaliwe. Zikipungua, maziwa yarudishwe kwa usimamizi wa mtaalamu, na zikirejea ndipo tunasema ni mzio. Wengi huruka hatua hii ya kurudisha, na matokeo yake mama hujinyima chakula mwaka mzima bila sababu. Mtoto aliyepata dalili za haraka yeye hajaribiwi nyumbani kamwe. Jaribio lake hufanyika hospitalini tu.

Naulizwa sana kuhusu maziwa ya mbuzi. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, kiasi kwamba zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye mzio huu huyakataa pia. Kuyachemsha maziwa kwa muda mrefu ni jambo jema kwa kuua vijidudu, lakini hakumfanyi mtoto mwenye mzio awe salama, na kuyagandisha hakusaidii. Kwa asiyenyonya kabisa yapo maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa. Bei yake ni kubwa, na kwa kweli hiyo ni sababu nyingine ya kulilinda ziwa la mama.

Mama aliyeacha maziwa anahitaji kalsiamu, kiasi cha miligramu 1,000 kwa siku, na hapa Ziwa letu Victoria linatufaa sana. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa ndiyo yenye madini hayo. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, maana walioanikwa chini hubeba mchanga. Waoshe kwa maji ya moto, wakaushe tena, watwange na kuchekecha. Unga huo mama autie kwenye mboga, na mtoto akitimiza miezi 6 atiliwe kijiko kidogo kwenye uji wake badala ya maziwa ya ng'ombe, huku mayai, maharage na karanga zilizosagwa laini vikifuata bila kucheleweshwa.

Watoto walio wengi huuacha mzio huu kabla ya kufikisha miaka 5, na wenye dalili za polepole mara nyingi mapema zaidi, kwa hiyo baada ya kila miezi 6 hadi 12 mtaalamu aangalie kama wakati wa kujaribu tena umefika. Hadi hapo, mzio uandikwe kwenye kadi ya kliniki, na bibi, shangazi na dada wa kazi waelezwe wazi kwamba hata kijiko kimoja cha mgando ni kingi mno kwa mtoto huyu.